Kutoka Gogo Hadi Sukari: Historia ya Maarifa na Mashaka ya Istilahi Zake

Mfasiri wa Kiswahili anapokutana na maelezo ya jinsi mti unavyogeuzwa kuwa sukari, kalamu yake husita mara mbili. Mara ya kwanza husita kwa sababu ya mshangao, kwani mti tuujuao ni wa kujengea, wa kuchongea na wa kupikia, wala hatukuzoea kuuhesabu pamoja na muwa. Mara ya pili husita kwa sababu ya neno. Maelezo hayo husema kwamba kabla mti haujageuzwa sukari hapana budi ufanyiwe kwanza kazi nyingine, na kazi hiyo ya kwanza, ambayo wataalamu wanaiona kuwa ndiyo ngumu na ya gharama kubwa kupita zote, haijapata jina moja lililokubalika katika lugha yetu. Mmoja huiita matayarisho, mwingine ulainishaji, mwingine usindikaji wa awali, na mwingine huliacha neno la kigeni kama lilivyo akapita njia yake.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kazi hiyo na ya majina yaliyofuatana nayo, kisha kupendekeza njia ya kutoka katika mashaka. Tumechagua kuliangalia jambo lenyewe kutoka Tunduma na Mkoa wa Songwe. Huko hakuna kiwanda cha namna hiyo, bali mambo yote yanayohusika na swali hili yanakutana huko: misitu ya miombo, mashamba ya mahindi na kahawa, makaa, bomba la mafuta, na kituo cha forodha ambamo kila kitu kipitacho sharti kipewe jina kabla hakijavuka.

Songwe na mizigo yake

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, nao una wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, makao makuu yakiwa Vwawa. Wenyeji wake ni Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wamalila, Wawanda, Wabungu na wengineo, na kila kabila lina lugha yake; Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, shuleni na ofisini. Tunduma iko ukingoni kabisa, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia. Bomba la TAZAMA, lililoanza kupeleka mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola mwaka 1968, linapita katika nchi hii. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, inapita papo hapo, na barabara kuu inapita papo hapo pia. Kwa hiyo mkazi wa Tunduma ameyaona mafuta ya dunia yakipita mlangoni pake kwa zaidi ya nusu karne, ilhali jikoni mwake mwenyewe amekuwa akitumia kuni na makaa.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ambao unakusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Miongoni mwa nishati zinazozungumzwa ni ethanoli, yaani spiriti ya kuwasha. Katika Tanzania spiriti hiyo hupatikana kwa urahisi kutokana na molasi ya viwanda vya sukari, kama ilivyo Kilombero, kwa maana molasi tayari ni sukari. Songwe haina mashamba makubwa ya miwa. Ina magunzi na mabua ya mahindi, maganda ya kahawa, na katika viwanda vidogo vya mbao ina maranda, mabanzi na vumbi la msumeno. Swali la kugeuza vitu hivyo kuwa sukari si la anasa kwa mkoa wa namna hiyo. Na penye swali hapana budi pawe na maneno ya kuliulizia.

Somo la togwa

Yapo maarifa ya kale ambayo tungefaa kuanza nayo. Mpishi wa togwa hupika uji wa unga wa mahindi, akaupoza hata ukawa vuguvugu, kisha akatia unga wa kimea, ambao ni ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Muda si mrefu uji uliokuwa mzito huwa mwepesi, na uji usiokuwa na ladha huwa mtamu, ijapokuwa hakuna aliyetia sukari. Ukiachwa zaidi huanza kuchachuka, na ukitiwa hamira au ukiendelea kwa njia ya pombe, hugeuka kileo.

Katika chungu hicho kimoja zimo hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kupika: wanga wa unga mbichi umejifunga katika chembe ndogo, na moto pamoja na maji huzifumbua. Hatua ya pili ni kimea: ndani yake mna vimeng'enya vinavyoukata wanga kuwa sukari. Hatua ya tatu ni uchachushaji: hamira inakula sukari na kutoa kileo na hewa ya kaboni. Mpishi anajua vema kwamba hatua hizi haziwezi kuchanganywa. Anayetia kimea katika unga mbichi wa maji baridi atangoja sana, na atakachokipata kitakuwa haba.

Mti nao una hatua hizo hizo tatu. Selulosi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mti, ni mnyororo wa glukosi kama wanga ulivyo mnyororo wa glukosi. Tofauti imo katika namna pete za mnyororo zilivyounganishwa. Minyororo ya wanga hujikunja na kuyakaribisha maji. Minyororo ya selulosi hunyooka, ikalala sambamba na kushikamana hata maji yasipate pa kupenya. Juu ya hayo selulosi ya mti haikai peke yake. Imezungukwa na hemiselulosi, nayo yote imegandishwa kwa lignini, ambayo ndiyo inayoupa mti ugumu na kuukinga na uozo. Kwa makisio ya kawaida, katika mti mkavu selulosi huwa kati ya asilimia 40 na 50, hemiselulosi kati ya 20 na 35, na lignini kati ya 18 na 35, kwa kutegemea aina ya mti. Uji wa mti, kwa hiyo, haupikiki kwa moto wa jiko.

Walioyapa majina

Maneno tuliyoyataja hivi sasa yana tarehe zake, na ni vizuri mfasiri azijue. Neno lignini lilitolewa mwaka 1813 na mtaalamu wa mimea Augustin Pyramus de Candolle, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuni au ubao. Mwaka 1819 mkemia Mfaransa Henri Braconnot aliloweka matambara ya kitani na vumbi la mbao katika tindikali kali ya salfa, akazimua kwa maji na kuchemsha, akapata sukari. Alistaajabu kuona kwamba sukari aliyoipata ilizidi uzito wa matambara aliyoyatia. Sababu yake leo inajulikana: kila pete ya mnyororo inapokatwa hupokea molekuli moja ya maji, hata kilo 100 za selulosi zikikatwa zote hutoa kilo 111 hivi za glukosi.

Mwaka 1833 Anselme Payen na Jean-François Persoz walitenga kutoka katika kimea cha shayiri kitu kinachougeuza wanga kuwa sukari. Ndicho kile kile anachokitumia mpishi wa togwa. Mwaka 1838 Payen huyo huyo alikitenga kiini cha ukuta wa seli za mimea, na jina la selulosi likazaliwa kutokana na neno lenye maana ya chumba kidogo. Mwaka huo huo wa 1838 glukosi ilipewa jina lake kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya maji matamu ya zabibu ambayo hayajawa divai. Kwa maneno mengine, togwa ya Wayunani. Furfurali, sumu inayozuka mti unapochemshwa kupita kiasi, imepata jina lake kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya pumba, kwa kuwa ilipatikana katika pumba za nafaka. Na mwaka 1878 Wilhelm Kühne alipotafuta jina la vitu vinavyokata na kugeuza vitu vingine katika viumbe, aliunda kwa Kiyunani neno lenye maana ya "ndani ya chachu".

Tumeyataja haya kwa makusudi. Yako mawazo kwamba istilahi za sayansi ni maneno matukufu yaliyoshuka na mitambo, na ya kwamba maneno ya jikoni hayafai kuingia maabara. Historia yasema kinyume. Kuni, chumba, maji ya zabibu, pumba na chachu: haya ndiyo mawe ya msingi ya elimu hii. Waliounda istilahi hizo walichukua neno lililokuwa karibu nao, wakalipa mpaka mpya wa maana, wakakubaliana. Kiswahili nacho kimefanya hivyo katika neno kimeng'enya, na pengine kimefanya vema kupita lugha za Ulaya, maana neno letu linataja kazi ya kitu chenyewe, yaani kumeng'enya, wakati lile la Kiyunani linataja tu mahali kilipoonekana.

Tindikali, vita na kuvu

Baada ya Braconnot ilipita karne nzima kabla viwanda vya sukari ya miti havijasimama imara. Katika Ujerumani, Friedrich Bergius alitumia tindikali kali ya kloridi ya hidrojeni, na Heinrich Scholler alitumia tindikali ya salfa iliyozimuliwa na kupitishwa katika chembe za mbao kwa joto na kanieneo. Nchi iliyokosa mafuta na nafaka ilipojitayarisha kwa vita ilitazama misitu yake. Katika Urusi ya Kisovieti viwanda vya namna hiyo vilijengwa kuanzia miaka ya 1930, vikatoa spiriti na hamira ya kulishia mifugo. Amani iliporejea na mafuta ya petroli yakawa rahisi, viwanda vingi vya magharibi vilifungwa. Tindikali ilikuwa inakula mitambo, na joto lile lile lililokata selulosi liliendelea kuiharibu sukari iliyokwisha kupatikana.

Njia nyingine ilianzia mahali pasipotazamiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani zilikuwa zikioza upesi katika visiwa vya Solomon. Katika uchunguzi ilipatikana kuvu mmoja mwenye nguvu ya ajabu ya kumeng'enya selulosi. Wataalamu wa maabara ya jeshi huko Natick, Elwyn Reese na Mary Mandels, walimchunguza kwa miaka mingi, kwanza kwa nia ya kuuzuia uozo, na baadaye, bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, kwa nia ya kuutumia. Kuvu huyo alipewa mwaka 1977 jina la Trichoderma reesei kwa heshima ya Reese.

Hapo ndipo kazi ya kwanza ilipodhihirika umuhimu wake. Vimeng'enya vya kuvu havihitaji tindikali kali wala joto kubwa, na haviharibu sukari. Lakini kilichowezekana kwa pamba, ambayo ni karibu selulosi tupu, hakikuwezekana kwa mti. Mti mbichi uliosagwa ukitiwa vimeng'enya, kwa kawaida haufiki hata asilimia 20 ya sukari iliyomo. Mti huo huo ukifanyiwa kwanza kazi inayostahili, waweza kutoa asilimia 80 au 90. Kimeng'enya ni mgeni mkubwa wa mwili. Pasipo mlango haingii.

Njia za kuufungua mlango

Njia zilizojaribiwa ni nyingi, lakini zaweza kupangwa katika mafungu machache. Njia ya kwanza ni kusaga, ambayo inakula nguvu nyingi za mashine. Njia ya pili ni mvuke: chembe za mbao hufungiwa katika chombo chenye mvuke wa nyuzi 160 hadi 240 za Selsiasi kwa dakika chache, kisha chombo hufunguliwa ghafla, na maji yaliyomo ndani ya mbao hugeuka mvuke mara moja na kuzipasua nyuzi. Katika miaka ya 1920 Mmarekani William Mason alitumia njia hiyo kutengeneza mbao za kubandika, wala hakuwa akitafuta sukari. Njia ya tatu ni tindikali hafifu, ambayo huyeyusha hemiselulosi. Njia ya nne ni alikali, ambayo hulegeza na kuondoa lignini. Ziko na nyingine za kutumia amonia, vimiminiko vya kileo, au kuvu walao lignini.

Msomaji asidhani kwamba haya yote ni mageni katika Afrika Mashariki. Mpishi anayetia magadi katika maharage makavu anatumia alikali kulegeza kuta za seli ili chakula kiive upesi. Wanawake wa Unguja na Pemba hufukia makumbi ya nazi katika mchanga na matope ya pwani kwa miezi kadhaa, kisha huyafukua na kuyaponda ili wapate nyuzi za kusokotea kamba. Viumbe wadogo wa matope wamekwisha kula gundi iliyoziunganisha nyuzi, na nyuzi zenyewe zimebaki nzima. Mkulima wa kahawa wa Mbozi humenya buni, akaziacha katika tangi zichachuke hadi ute unaozifunika ulegee, ndipo azioshe na kuzianika. Hatua ile ya tangi si ya kuipika kahawa wala kuikaanga. Ni ya kuondoa kizuizi ili kazi nyingine iwezekane.

Na karibu zaidi na jambo letu kiko kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980 kwa kutumia misonobari ya Sao Hill. Njia yake ni ile iliyobuniwa na Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879: mti uliokatwakatwa huchemshwa kwa alikali na salfaidi ya sodiamu kwa joto la nyuzi 160 hadi 170, lignini ikayeyuka katika maji meusi, nyuzi za selulosi zikabaki. Maji hayo meusi hukaushwa na kuchomwa ili kutoa nguvu na kurudisha dawa. Mgololo hutafuta karatasi, haitafuti sukari; walakini kutenganisha selulosi na lignini kwa kipimo cha kiwanda ni kazi ambayo mikono ya Kitanzania imeifanya katika nyanda hizi hizi za juu kusini. Wafanyakazi wake walikuwa na maneno yao ya kazi, na mtu atakayetunga istilahi bila ya kuwauliza watu wa namna hiyo atakuwa amelifunga jicho moja.

Maneno yanayogombania mahali

Sasa na tuyatazame maneno yenyewe.

Neno la kwanza ni mti. Lugha ya Kiingereza ina neno moja kwa kitu kinachotokana na mti; sisi tuna mti, ubao, gogo, boriti na kuni, na kila moja hutaja matumizi. Akisema "sukari ya kuni" mfasiri anachekesha. Akisema "sukari ya ubao" anamfanya msomaji afikirie mbao zilizokwisha pasuliwa. Matumizi ya zamani yanatupa jibu: tunasema kijiko cha mti na mlango wa mti, maana yake kitu kilichofanywa kwa dutu ya mti. Kwa hiyo mti watosha, na sukari ya mti inaeleweka.

Neno la pili ni tungamotaka, ambalo limeenea katika hotuba na nyaraka za nishati kwa maana ya mata yote ya mimea na wanyama iwezayo kutoa nishati. Neno hili limeundwa kwa tungamo na taka. Kwa jalala la mji neno hili halina kosa. Lakini likitumika kwa magunzi, mabua, maranda na hata kwa miti iliyosimama, linatangulia kutoa hukumu. Kwa mkulima wa Mbozi gunzi ni kuni za jikoni, na bua ni chakula cha ng'ombe au mbolea ya shamba, si taka. Siku mtu atakapokuja na mkataba wa kununua "tungamotaka" ya kijiji, neno litakuwa limekwisha kushusha bei kabla mazungumzo hayajaanza, kwani nani hulipia taka? Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya jumla isemwe malighafi ya mimea, na katika mikataba, sheria ndogo na matangazo kitu kitajwe kwa jina lake: magunzi, mabua, maganda ya kahawa, maranda.

Neno la tatu ndilo lililotuleta hapa. Utayarishaji wa awali ni maneno sahihi, lakini hayasemi kitu. Mbegu hutayarishwa, ngozi hutayarishwa, hata hotuba hutayarishwa. Ulainishaji unapotosha, maana mti waweza kutoka katika kazi hiyo ukiwa unga mkavu. Usindikaji na uchakataji ni maneno ya kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho; kuchakata mkonge, kwa mfano, ni kuufikisha mkonge kwenye nyuzi. Kupika kunafaa kwa Mgololo, lakini hakufai kwa kuvu wala kwa kusaga.

Tunapendekeza kitenzi kufumua, na jina lake ufumuaji. Kufumua ni kinyume cha kufuma. Msusi hufumua nywele zilizosukwa, fundi hufumua mshono, naye aliyekosea ukili hufumua akaanza upya. Sifa ya kufumua ni kwamba uzi haukatwi. Kinachoondolewa ni mfumo uliozifunga nyuzi pamoja. Hilo ndilo hasa linalotakiwa kwa mti. Lignini ilegee, hemiselulosi itoke au ifunguke, na mnyororo wa selulosi ubaki ukingoja kimeng'enya. Anayezidisha joto au tindikali hata minyororo ikakatika na sukari ikaungua, akapata furfurali inayoua hamira, hakufumua, amerarua. Hivyo istilahi yenyewe inamfundisha mwanafunzi mpaka wa kazi.

Yamkini patakuwa na pingamizi. Wako watakaosema kwamba kufumua kuna maana nyingine, kama kufumua siri. Jibu ni kwamba neno lenye maana kadhaa si kasoro maadamu uwanja wa matumizi unajulikana. Ndivyo ilivyo kwa mzizi katika hesabu na mzizi katika kilimo. Wako pia watakaotaka neno moja litumike kwa kila kazi ya awali, katika maji, mbegu na metali. Hao na wabaki na utayarishaji wa awali. Ufumuaji uwe wa mata ya mimea peke yake.

Hatua zinazofuata zina njia nyepesi. Kugeuza selulosi au wanga kuwa sukari kwaweza kuitwa usukarishaji, kwa mfano wa kutaifisha, neno lililozoeleka sana baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na ambalo leo hakuna aulizaye lilitoka wapi. Haidrolisisi ibaki kuwa jina la badiliko la kikemia, yaani kukatwa kwa kupokea maji, ambalo laweza kutokea pasipo sukari yoyote. Uchachushaji umekwisha kubaliwa. Kwa hiyo mfululizo mzima husomeka: ufumuaji, usukarishaji, uchachushaji, na mpishi wa togwa akisomewa ataitambua kazi yake.

Neno la mwisho lina hatari ndani yake. Vitabu vya shule vimechagua asidi, na chaguo hilo lina faida kwa elimu ya kemia. Lakini kwenye pipa, mlangoni mwa chumba cha dawa na katika kanuni za usalama, neno linaloushtua mkono usiguse ni tindikali. Tungeshauri kwamba maandishi ya onyo yatumie tindikali, na kitabu cha darasani kitumie asidi huku kikieleza kwamba ni kitu kimoja. Usanifu wa istilahi usiwe sababu ya mtu kuungua.

Dirisha la forodha

Ni rahisi kudhani kwamba haya ni mabishano ya wasomi. Lakini fikiri juu ya karani wa forodha wa Tunduma. Vitabu vya ushuru vya Afrika Mashariki vinafuata mpangilio wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 1988. Katika mpangilio huo kuni, maranda na vumbi la mbao vimo katika sura ya 44, pamoja na makaa. Rojo ya mti ya kufanyia karatasi imo katika sura ya 47. Glukosi imo katika sura ya 17 pamoja na sukari zote. Ethanoli imo katika sura ya 22 pamoja na vileo. Gogo moja, bila ya kubadili asili yake, laweza kupita katika sura nne kwa kadiri lilivyofanyiwa kazi. Mtu anayejaza hati kwa Kiswahili na kuandika "mti uliotayarishwa" hajamwambia karani neno lolote la kumwongoza: waweza kuwa mbao zilizorandwa, waweza kuwa rojo.

Fikiri pia juu ya ardhi. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya SEKAB ya Örnsköldsvik, Sweden, mji ambao mwaka 2004 ulifunguliwa mtambo wa majaribio wa ethanoli ya miti, ilikuja Tanzania kutafuta mashamba ya miwa ya ethanoli huko Bagamoyo na Rufiji, kisha mwaka 2009 ikajitoa. Katika miaka hiyo palikuwa na mjadala mkubwa wa ardhi, chakula na maji, na mwaka 2010 Serikali ilitoa mwongozo wa nishatimimea za maji. Somo kwa wafasiri lilikuwa wazi. Mambo makubwa ya namna hiyo huamuliwa katika mikutano ya vijiji, na mkutano wa kijiji huendeshwa kwa Kiswahili. Ikiwa maneno ya mradi yamo katika lugha ya kigeni tu, au yamefasiriwa kwa maneno mapana yasiyobana maana, wanakijiji wataulizwa wakubali jambo ambalo hawakuelezwa.

Hesabu yenyewe yahitaji kuelezwa kwa uaminifu. Tani moja ya mti mkavu yenye kilo 400 za selulosi, kwa kanuni za kemia, haiwezi kutoa kutokana na selulosi hiyo zaidi ya lita 290 hivi za ethanoli, na kiwanda halisi hupata chini ya hapo. Kama ufumuaji ni mbaya, lita hizo hupungua mno. Mwanakijiji mwenye istilahi ya ufumuaji anaweza kuuliza swali linalofaa: mtaufumua mti kwa njia gani, kwa dawa gani, maji machafu yatakwenda wapi, nanyi mmehesabu kupata lita ngapi? Asiyekuwa nayo atauliza tu kama kazi zitapatikana.

Kazi iliyobaki

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi hiyo imetupa kimeng'enya na maneno mengine mengi ambayo mtoto wa shule hutumia bila kujua kwamba kuna watu waliokaa kitako wakayabishania. Nasi hatuna budi kubishana juu ya haya ya leo, kisha tukubaliane.

Kwa walimu tungependa kutoa shauri moja. Chukueni bakuli tatu. Katika la kwanza tieni uji vuguvugu na kimea; katika la pili uji pasipo kimea; katika la tatu vumbi la msumeno, maji vuguvugu na kimea. Baada ya saa moja la kwanza litakuwa jepesi na tamu, na la pili litakuwa kama lilivyokuwa. La tatu nalo halitakuwa na badiliko la kuonekana, kwanza kwa sababu kimea hakina kimeng'enya cha selulosi cha kutosha, na pili kwa sababu hata kingekuwa nacho, mti haujafumuliwa. Mwanafunzi wa Vwawa au Ileje akiona bakuli hizo tatu atajua ni kwa nini wataalamu wamehangaika tangu mwaka 1819, na atakuwa amejifunza istilahi tatu bila kuzikariri.

Kwa wafasiri na watumishi wa serikali shauri letu ni fupi zaidi. Mnapoletewa neno jipya, liulizeni kwanza linafanya kazi gani, kisha tazameni kama hakuna mtu miongoni mwetu ambaye anafanya kazi hiyo tayari kwa jina lingine: mpishi, msusi, mkulima wa kahawa, msokota kamba, fundi wa Mgololo. Mara nyingi atakuwepo. Asipokuwepo, hapo ndipo tukakope, na tukikopa tulipe neno umbo la Kiswahili na mpaka wa maana, lisije likakaa kwetu kama mgeni asiyejulikana amefuata nini.

Ufumuaji unaletwa hapa kama pendekezo. Wenye neno bora na walilete, mradi lionyeshe kwamba uzi haukatwi.